Polisi na Vijana wa Mitaa ya Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kujenga Imani

Kwa miaka kadhaa nimejitolea kama msaidizi wa kisheria upande wa mashariki wa Nairobi, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni kukaa kwenye benchi la kituo cha polisi pamoja na mzazi ambaye mwanawe hakurudi nyumbani usiku uliopita. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayonijia kila mara, kutoka kwa vijana, kutoka kwa wazazi wao, na mara mbili tatu kutoka kwa maafisa waliosubiri watu waondoke ndipo waniulize. Nimejibu kwa kufuata sheria ilivyo, na pale ninapotoa maoni yangu nimesema wazi kuwa ni maoni.

Mnapozungumzia imani, mnataka vijana wawapende polisi?

Hatutaki hivyo, wala sidhani kuna mji wowote ambao vijana wake wanawapenda polisi. Imani tunayoizungumzia hapa ni jambo dogo zaidi na gumu zaidi: ni kijana kuweza kujua mapema kitakachotokea atakaposimamishwa saa tatu usiku akitoka kazini. Akijua kwamba ataulizwa maswali mawili, atajibu, ataachiliwa aende zake au atakamatwa kwa sababu atakayoelezwa, basi atasimama. Asipojua kama mkutano huo utaishia kwa salamu, kwa kofi, kwa kutoa shilingi mia tano au kwa mwili wake kutafutwa mochari, atakimbia, na kukimbia kwenyewe kutachukuliwa kuwa ushahidi dhidi yake. Ukisoma majibu yanayofuata utaona kwamba karibu kila kitu kinarudi kwenye swali hili la kujua au kutojua yatakayofuata.

Kwa nini kijana asiye na hatia amkimbie polisi?

Kwa sababu amejifunza, na waliomtangulia walijifunza pia. Wakati wa ukoloni mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, hati yenye alama za vidole iliyotiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni, na askari aliweza kumsimamisha popote kuidai. Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji huu katika Operesheni Anvil, yakawachuja wakazi wa Kikuyu, Embu na Meru mtaa kwa mtaa, na maelfu wakapelekwa vizuizini. Wazee wengine bado huita kitambulisho cha taifa kipande, na nadhani lugha hapo inakumbuka jambo ambalo vitabu vya shule hulipitia haraka.

Uhuru ulikuja, lakini msako haukuondoka. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, operesheni iliyoitwa Usalama Watch iliwakusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani wakisubiri hati zao zikaguliwe. Huko Mathare, Dandora na Kayole kumekuwa na kurasa za Facebook zilizochapisha picha za vijana zikiwaonya waache uhalifu, na baadhi ya waliopigwa picha wakapatikana baadaye wameuawa. Machi 2020, katika siku za kwanza za kafyu ya korona, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Kijana aliyekulia karibu na hapo hahitaji kuelezwa na mtu yeyote kwa nini miguu yake hutangulia akili yake.

Halafu kuna mambo ya kila siku ambayo hayafiki magazetini. Vijana wa Nairobi wana neno, kuokotwa, na maana yake ni kuchukuliwa kutoka kwenye baze ambako mlikuwa mmekaa mkizungumza, kupakiwa nyuma ya gari, kuzungushwa mtaani kwa saa mbili huku wengine wakiongezwa, na kushushwa mmoja baada ya mwingine kila anayetumiwa pesa kwa simu na jamaa zake. Mimi mwenyewe niliwahi kuokotwa nikiwa na miaka kumi na tisa, nikiwa nimebeba maziwa ya nyumbani, na hadi leo sikuwahi kuambiwa kosa langu. Maziwa yaliganda.

Lakini si kweli kwamba mitaa hii ina uhalifu mwingi?

Ni kweli upo, na wanaoumizwa nao kwanza ni wakazi wenyewe: mama mboga anayeporwa mauzo ya siku, mwanafunzi anayenyang'anywa simu kwenye kichochoro, mwendesha bodaboda anayedungwa kisu kwa ajili ya pikipiki ambayo bado anailipia mkopo. Wakazi hawa hawaombi polisi waondoke. Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi zaidi yana pande mbili kwa wakati mmoja, kwamba polisi ni wengi mno panapokuwa na msako, na hawapo kabisa unapopiga 999 usiku wa manane.

Imani ikipungua, uhalifu hupata nafasi. Shahidi asiyeamini kwamba jina lake litahifadhiwa hatatoa taarifa, na bila taarifa afisa mpelelezi hana kesi ila tetesi. Hapo ndipo umati huchukua sheria mkononi na mshukiwa akachomwa kwa tairi, na hapo ndipo pia baadhi ya wakazi, niseme kwa masikitiko, huanza kumshangilia afisa anayeua badala ya kupeleka watu kortini. Nimewasikia wamama wenye heshima zao wakisema “afadhali huyo”, kisha miezi michache baadaye mmoja wao akaja kwangu kumtafuta mwanawe.

Polisi akinisimamisha njiani, nifanyeje?

Simama, toa mikono mifukoni, mwamkue, na uulize kwa utulivu: “Afande, kuna tatizo gani?” Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina lake au namba yake ya utumishi mahali panapoonekana, kwa hivyo litazame na ulikumbuke bila kulisoma kwa sauti kana kwamba unamtisha. Ukiweza, tazama pia namba ya gari. Usikimbie, usibishane kuhusu haki gizani; mahali pa kubishana ni mezani kituoni, mbele ya mtu wa tatu.

Najua ushauri huu unamtwika kijana mzigo ambao ungepaswa kubebwa na mwenye bunduki. Nautoa hata hivyo, kwa kuwa nataka ufike nyumbani.

Nikikamatwa, nina haki gani?

Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba mtu aliyekamatwa lazima aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, kwamba ana haki ya kunyamaza, na yatakayofuata asiponyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Hawezi kulazimishwa kukiri. Lazima afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo na si baada ya saa 24, ila kama saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, hapo afikishwe kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Wanaokamata watu Ijumaa jioni wanaijua sana sehemu hiyo ya mwisho.

Kuna jambo jingine katika kifungu hichohicho ambalo wachache wanalijua: mtu hapaswi kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi yanayowakamatisha vijana wa mtaani, ya kuzurura au kusababisha kero, ni ya uzito huo au karibu na huo, kwa hivyo inafaa kuuliza mapema na kwa adabu mtu anashtakiwa kwa sheria gani hasa.

Na kama aliyekamatwa ni mtoto?

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto asizuiliwe isipokuwa kama hatua ya mwisho kabisa, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi unaofaa, mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliinua umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi miaka 12. Mzazi akifika kituoni aende na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya mtoto, kwa sababu ubishi wa kwanza mara nyingi huwa juu ya umri, hasa mvulana akiwa mrefu. Namba ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na haina malipo.

Dhamana ya polisi inalipishwa?

Hati ya ahadi ya kurudi kituoni au kufika mahakamani haina malipo yoyote. Ukitakiwa kuweka dhamana ya pesa taslimu, lazima upewe risiti rasmi, na pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha ukiwa umefika kila ulipotakiwa. Pesa iliyotolewa bila risiti ina jina lake, na kila Mkenya analijua.

Mbona mnasisitiza sana kitabu cha matukio?

Kwa sababu kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kubadilisha katika uhusiano wa polisi na mitaa yetu, ningechagua meza ile ya mbele na kitabu kilicho juu yake, ambacho watu wengi hukiita OB. Kila ripoti, kila mtu aliyeingizwa seli, kila aliyetoka, kila silaha na kila gari linapaswa kuandikwa humo kwa mfuatano wa namba, pamoja na tarehe na saa. Kitu kilichoandikwa humo kinaweza kuulizwa baadaye na mahakama, na wakili, na mkubwa wa afisa mwenyewe. Kitu kisichoandikwa kinabaki kuwa maneno ya kijana dhidi ya maneno ya afisa, na tunajua mizani hiyo huelemea upande gani.

Mtu anayezungushwa kwenye gari usiku hayumo kitabuni. Ndiyo maana saa hizo mbili ndizo za hatari zaidi katika maisha ya kijana wa Nairobi, na ndiyo maana mzazi anapoambiwa “hatuna mtu wa jina hilo” hapaswi kuondoka tu bali aombe taarifa ya kupotea kwa mwanawe iandikwe na apewe namba. Namba hiyo ya OB, iandike kwenye karatasi na pia umtumie jamaa mmoja kwa simu. Kama umeumizwa, ndiyo itakayokuwezesha kupata fomu ya P3 ambayo daktari huijaza kuonyesha majeraha, na bila fomu hiyo kesi ya shambulio huwa na miguu miepesi mno.

Nimekutana na maafisa wa mezani wanaoandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, wanaokuita mama au mzee, wanaokupa namba kabla hujaiomba. Katika vituo vyao vijana huja wenyewe kuripoti simu zilizoibwa. Nimekutana pia na wale wanaokwambia kalamu imeisha wino. Tofauti ya vituo hivyo viwili haikuletwa na semina yoyote. Mara nyingi imeletwa na mkuu wa kituo ambaye kila asubuhi hukisoma kitabu hicho na kuuliza maswali.

Sheria inaruhusu polisi kutumia risasi wakati gani?

Jedwali la Sita linaanza kwa kusema kwamba afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na nguvu itumike tu pale njia hizo zinaposhindwa, kwa kiasi kinacholingana na lengo na uzito wa kosa. Bunduki imewekewa masharti makali zaidi, mengi yao yakihusu kuokoa maisha au kujikinga dhidi ya hatari iliyo karibu kutokea, ya kifo au majeraha mabaya. Afisa anatakiwa ajitambulishe na kutoa onyo la wazi ikiwa mazingira yanaruhusu. Mtu akijeruhiwa, maafisa waliopo wanapaswa kumpatia msaada wa matibabu mara moja na kuwajulisha jamaa zake. Na amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Nimewahi kuwasomea vijana jedwali hilo katika ukumbi mmoja, na hakuna aliyeniamini kwamba limo katika sheria za Kenya hadi nilipowapitishia karatasi.

Nikidhulumiwa na afisa, nipeleke malalamiko wapi?

Milango iko mingi, na si vibaya kubisha zaidi ya mmoja. Mlango ulio huru ni Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ambayo wengi tunaiita IPOA. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina namba ya bure ya 1559, na inapokea malalamiko ya mtu yeyote, awe mwenye kudhulumiwa au aliyeshuhudia. Vifo na majeraha mabaya yanayosababishwa na polisi, ikiwemo vifo vilivyotokea ndani ya seli, ni kazi yake kuvichunguza hata kama hakuna aliyelalamika. Ndani ya polisi kuna Kitengo cha Masuala ya Ndani, kinachofaa kwa makosa ya nidhamu kama hongo na lugha chafu. Kuna Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu. Na kwa wengi wetu mlango wa kwanza kabisa ni kituo cha haki za kijamii mtaani, kama kile cha Mathare au cha Dandora, ambako utapata mtu wa kukusaidia kuandika taarifa yako ingali moto kichwani, kwa Kiswahili au kwa Sheng, bila kukutazama kwa dharau.

Andika mambo haya siku hiyohiyo: mahali, saa, idadi ya maafisa, sare au nguo za kiraia, majina au namba ulizoziona, maneno yaliyosemwa, na nani mwingine alikuwepo. Hifadhi nguo zenye damu bila kuzifua.

IPOA ina meno kweli?

Inayo, ila ni machache kuliko mdomo unavyohitaji. Agosti 2014 msichana wa miaka 14 alipigwa risasi na kuuawa nyumbani huko Kwale, IPOA ikachunguza, na mwanzoni mwa 2016 maafisa wawili wakatiwa hatiani. Baada ya hapo kumekuwa na hukumu nyingine, lakini ukilinganisha na wingi wa malalamiko yanayoletwa, idadi hiyo ni ndogo mno. Mamlaka hiyo inaweza kuchunguza na kupendekeza, lakini anayeamua kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na anayehukumu ni mahakama ambayo kesi zake huchukua miaka. Ushahidi wenyewe mara nyingi uko mikononi mwa wale wanaochunguzwa, na mashahidi wanaishi mtaa mmoja na mshtakiwa.

Kesi inayoonyesha pande zote mbili ni ile ya wakili Willie Kimani. Mteja wake, mwendesha bodaboda, alikuwa amepigwa risasi na afisa mwaka 2015 na akathubutu kulalamika IPOA. Juni 2016, wakitoka mahakamani Mavoko, wakili, mteja na dereva wa teksi waliyokuwamo walitekwa na kuuawa. Ilichukua hadi Julai 2022 kwa maafisa watatu na raia mmoja mtoa habari kutiwa hatiani, na Februari 2023 wakahukumiwa, mmoja wao adhabu ya kifo. Ninapomshauri mtu alalamike, sithubutu kumficha nusu ya kwanza ya habari hii, wala sitaki asahau nusu ya pili.

Nyumba Kumi si njia ya kuwafanya watu wawe wachongezi?

Mpango huo wa usalama wa mtaa, wa kuwapanga majirani katika vikundi vya nyumba kumi, uliletwa mwaka 2013, ukiazimwa kutoka kwa utaratibu wa Tanzania wa mabalozi wa nyumba kumi, na wazo lake lilikuwa rahisi: majirani wajuane. Kijijini wanajuana tayari. Katika ploti ya ghorofa sita huko Pipeline, ambako mpangaji hulipa kodi kwa simu na kuhama usiku, nyumba kumi zinazotazamana kwenye korido moja zinaweza kuwa na watu wasiowahi kusalimiana.

Tatizo ninaloliona ni mwelekeo wa habari. Taarifa zinapanda kutoka kwa wakazi kwenda kwa chifu na polisi, lakini hakuna kinachoshuka. Mzee wa mtaa akitaja jina la kijana, kijana hajui ametajwa na nani wala kwa lipi, na hana mahali pa kujitetea. Sheria ya polisi ya mwaka 2011 ina sehemu nzima kuhusu kamati za usalama wa jamii, na nia yake ni wakazi na polisi wapange vipaumbele pamoja na kupimana. Baraza ambalo mkuu wa kituo anakuja kusema “mwezi uliopita mliripoti wizi wa namna hii, tulifanya hivi, hapa tulishindwa” ni baraza tofauti kabisa na lile la kukusanya majina. Pia kamati yenye wazee wanane, wenye nyumba watatu na kijana mmoja aliyechaguliwa kwa kuwa ni mpole haiwezi kudai kuwawakilisha vijana.

Mechi za kandanda kati ya polisi na vijana zinasaidia?

Kidogo, kwa alasiri moja. Sizipingi, nimecheza katika moja na tulifungwa mabao manne. Kijana anayemjua konstebo kwa jina kwa sababu walipigana kumbo uwanjani ana kitu ambacho wenzake hawana, na konstebo vilevile. Ila kama vijana haohao wataokotwa Jumatatu na hakuna wa kuwauliza waliowaokota, basi jezi zile zinakuwa dhihaka, na mwaka unaofuata timu haijitokezi.

Maoni yangu ni kwamba michezo, usafi wa mtaa na chai ya pamoja vije baada ya tendo moja la uwajibikaji, hata liwe dogo: afisa anayejulikana kwa hongo ahamishwe na watu waelezwe kwa nini, au simu zilizochukuliwa kwenye msako zirudishwe kwa wenyewe.

Mnawalaumu polisi; je, mnaijua hali yao?

Tunaijua kwa sehemu, kwa kuwa wengi wao ni majirani zetu. Konstebo kijana analipwa mshahara unaoishia kwenye mikopo, na wenzake wengine wanaishi katika nyumba za mabati ndani ya kambi, familia mbili zikitenganishwa na pazia. Anahamishwa kwa taarifa ya ghafla. Anaona maiti wiki hii na wiki ijayo na hakuna wa kumuuliza amelalaje. Jopokazi lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililoundwa Desemba 2022 na kukabidhi ripoti yake Novemba 2023, liliyaangalia mambo haya, kuanzia mishahara hadi makazi na afya ya akili.

Afisa mmoja aliwahi kuniambia kwamba yeye pia hajui yatakayofuata: hajui kama bosi wake atamtetea akifuata sheria, wala kama ataadhibiwa akikataa amri mbaya. Nililichukua hilo kwa uzito. Mtu asiyetendewa haki kazini ataona ugumu kumtendea haki wa nje. Lakini hali ngumu ya maisha haimpi mtu ruhusa ya kumpiga mwingine, na mwalimu, nesi na mjengaji wa mtaa huohuo wana hali ngumu pia.

Baada ya 2024 na 2025, kuna nafasi tena ya kuzungumza?

Swali hili sasa ndilo la kwanza kuulizwa. Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 mwezi huo watu waliuawa kwa risasi katika barabara za katikati ya mji. Miezi iliyofuata ilikuja na visa vya watu kutekwa na wasiojulikana. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alifariki akiwa amezuiliwa katika Kituo Kikuu cha Polisi cha Nairobi. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha vinginevyo, na maafisa wakashtakiwa.

Waliohisi kwamba jambo hili ni la wahalifu wa Mathare waligundua kwamba linaweza kumfika mtoto wa Lang'ata mwenye shahada. Hilo limebadilisha mazungumzo, kwa sababu sasa wenye sauti kubwa zaidi wanauliza yale yaliyoulizwa na wamama wa Mathare kwa miaka mingi bila kusikizwa. Kuhusu nafasi ya kuzungumza, ninaona ipo katika ngazi ya kituo, ambako watu wanaonana kila siku. Katika ngazi ya taifa, kuzungumza kabla ya kesi hizo kusikilizwa ni kuwaomba waliofiwa wasamehe deni ambalo bado halijakiriwa.

Utafiti wa nje una lolote la kutufaa?

Moja tu. Mwanasaikolojia Tom Tyler aliwahoji wakazi wa Chicago katika miaka ya 1980 na kuona kwamba namna watu walivyotendewa, yaani kama walisikilizwa na kuheshimiwa, ilikuwa na uzito mkubwa katika kuamua kama watawaheshimu polisi na mahakama, hata pale uamuzi ulipowaendea vibaya. Wazee wetu wa mabaraza walilijua hilo bila hojaji, lakini si vibaya likithibitishwa.

Wasichana mbona hawatajwi?

Ni kosa letu. Msichana wa mtaani huogopa kituo kwa sababu nyingine pia: kuulizwa mbele ya foleni alivaa nini. Dawati la jinsia lipo kituoni ili asiulizwe hivyo, kwa hivyo aombe kuhudumiwa na afisa wa kike faraghani, na aende hospitali kabla ya kuoga. Namba ya bure ya 1195 inapokea taarifa za dhuluma za kijinsia mchana na usiku.

Mimi ni mkuu wa kituo na nimesoma hadi hapa. Nianzie wapi?

Nashukuru kwa kuuliza, afande. Swali hili nimeulizwa kweli, na jibu nililotoa ndilo hili. Bandika ukutani, mahali ambapo mtu aliyesimama kwenye foleni anaweza kusoma, karatasi ya Kiswahili inayosema kwamba dhamana ya polisi haina malipo, kwamba kila ripoti hupewa namba, na namba ya IPOA ikiwa chini yake. Agiza kwamba gari la doria linapomchukua mtu lije moja kwa moja kituoni na saa ya kumchukua iandikwe kando ya saa ya kumwingiza. Kila afisa anayetoka avae jina lake. Amwambie anayemsimamisha, “Habari ya jioni, kijana, naitwa fulani, tunakagua kwa sababu kumeripotiwa wizi hapa”, maneno yanayochukua sekunde sita.

Halafu, mwezi ukiisha, nenda kwenye baze yenyewe badala ya kuwaita vijana ofisini, bila waandishi wa habari na bila jezi, ukiwa na kitabu chako cha matukio kwapani, uwasomee ni watu wangapi walikamatwa katika mtaa wao, kwa makosa gani, na wangapi walifikishwa mahakamani. Mkutano wa kwanza watakusikiliza wakiwa wamesimama, wengine karibu na kichochoro cha kutokea. Usiwaambie wakae.